Siku Nyamizi Alipoanza Kutii

Telesphor alikuwa mrina asali, na baba yake kabla yake alikuwa mrina asali. Zamani alikaa na mkewe Josefina na mama yake mzazi, bibi Tereza, kando ya mto, mahali ambapo mpunga ulistawi na mizinga ilikuwa karibu kiasi cha kusikia nyuki wakitoka asubuhi. Mwaka wa sabini na nne wakaja mgambo na lori. Wakaambiwa wapakie vyombo, na nyumba yao ikaezuliwa nyasi huku wakitazama. Wakapewa kiwanja kando ya barabara ya Kasekese, nyumba zimepangwa mstari kama shanga, na tangu siku ile kwenda kwenye mizinga ikawa safari ya kutoka alfajiri na kufika jua la utosi.

Watu walijifunza kukaa kwenye mstari. Aliyeshindwa ni Nyamizi, binti wa Telesphor.

Walimpata kwa taabu. Josefina alikaa miaka mingi bila kushika mimba, akanywa dawa za mizizi za kila mganga aliyesikika, na mtoto alipokuja alipewa jina hilo la Nyamizi, jina la waliopatikana kwa mizizi. Kanisani alibatizwa jina jingine, lakini hata katekista Leodgar aliyemfundisha dini alikuwa halikumbuki. Katika mafundisho Leodgar aliwauliza watoto, "Nani aliyekuumba?" Wote wakapaza sauti, "Mungu!" Nyamizi akanyoosha mkono.

"Kwetu mama anasema ni Mungu, bibi anasema ni mizizi. Mimi nasubiri wakubaliane."

Alitolewa nje akapigishwa magoti juani. Jioni Leodgar akafika kushtaki, na Telesphor akamsikiliza ameinamisha kichwa kwa heshima. Kichwa kilibaki kimeinama muda mrefu, maana uso wote ulikuwa umejaa kicheko na hakujua angeufichia wapi.

Kisha kukawa na mambo ya chuma. Penye ofisi ya kijiji palitundikwa kipande cha reli. Kikigongwa, kila mtu aache jembe aende mkutanoni. Siku moja katikati ya palizi kikagongwa jua likiwa kali. Watu wakaja mbio na majembe mabegani, mwenyekiti naye akaja akifunga vifungo vya shati na kuuliza nani kaitisha mkutano. Nyamizi alikuwa ameketi juu ya jiwe, jiwe jingine liko mkononi.

"Ni mimi. Nilitaka kujua kama nyie mnakuja kwa ajili ya mwenyekiti au kwa ajili ya chuma."

Kuna waliocheka, na hao ndio waliomponza. Mwenyekiti akamgeukia Telesphor, akamwambia amchape binti yake pale pale, kijiji kione. Telesphor akaokota fimbo chini.

"Baba, hiyo imekauka," Nyamizi akamwambia kwa sauti ya kumsaidia. "Itavunjika pigo la kwanza, watu watakucheka. Kakate mbichi."

Telesphor akaenda kukata mbichi. Alipofika nyuma ya kichaka alikaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na aliporudi watu walikuwa wameshachoka kungoja na kurudi mashambani. Kuchapa ilikuwa kazi ya Josefina, na jioni ile aliifanya vizuri.

"Unamharibu," Josefina alimwambia mumewe baadaye, akipepeta mchele bila kumtazama. "Wengine mtoto akililia wembe wanampa. Wewe unampa, tena unamnolea."

Telesphor alijua kwamba mkewe anasema kweli. Alijua pia kwamba tangu nyumba yake ya mtoni iezuliwe, yeye mwenyewe hajamkatalia mtu yeyote jambo lolote. Aliambiwa lima hapa, akalima. Aliambiwa njoo, akaja. Mtoto huyu alikuwa anakataa kwa niaba yake.

*

Mwezi wa sita mwaka wa sabini na sita, miyombo ilipokwisha kutoa maua na mizinga kujaa, Telesphor alifunga mzigo wake kwenda kambini na warina wenzake. Nyamizi alitaka kwenda. Umri wake ulikuwa ule wa meno makubwa ya mbele yaliyoota upya katika uso ambao bado mdogo.

"Mwanamke hafiki kambini," Telesphor alimwambia. "Nyuki watahama."

"Mimi si mwanamke, ni mtoto."

"Mtoto wa kike."

"Basi nyuki hawataniona."

Alikataa, na safari hii alikataa kweli, akaondoka. Walipofika kambini na kupika, akaonja mboga akatema. Chumvi aliyobeba ilikuwa majivu. Bado warina wenzake wanamcheka, jua linaelekea magharibi, wakasikia mluzi kwenye njia, na Nyamizi akatokea kati ya miti, vumbi hadi magotini, na kifurushi kichwani.

"Baba, umesahau chumvi," akasema. "Nimekuletea."

Alikuwa amepita peke yake msitu wenye tembo na nyati, akifuata nyayo za viatu vya matairi vya baba yake. Telesphor alimshika mabega yote mawili akamtikisa, akataka kumpiga, akamkumbatia. Mrina mmoja mzee akasema kesho asubuhi arudishwe nyumbani, huu si mchezo. "Kesho atarudi," Telesphor akakubali. Lakini kesho ilipofika kulikuwa na mizinga ya kushusha, na kesho yake tena. Na ukweli ni kwamba hakutaka arudi. Nyumbani wakapata habari kupitia mtu aliyekuwa anatoka msituni na nta, kwamba mtoto yuko salama na baba yake.

Zilikuwa siku ambazo Telesphor alikuja kuziona baadaye kama vile zilikuwa za mtu mwingine. Nyamizi alipuliza kienge cha kufukizia nyuki mpaka moshi ukamkausha koo. Aliumwa na nyuki kwenye kope, akashinda kutwa anatazama dunia kwa jicho moja na kusema imepungua. Aliuliza kila mti jina lake. Na mbung'o walikuwepo, kama walivyokuwepo siku zote katika msitu ule. Waliuma juu ya nguo, wakakaa mgongoni mwa mtu anayetembea kama abiria. Mbung'o hafi kwa kofi. Nyamizi alijifunza kumbana kwa kidole na kumng'oa kichwa, na akawa hodari wa kazi hiyo kuliko wanaume, maana alikuwa hawaonei huruma. Mmoja alimuuma shingoni chini ya sikio. Alilalamika kidogo, baba yake akamwambia asikune, akapaka asali.

Waliporudi kijijini mahali pale pamevimba kama kijipu. Kijipu kikapona chenyewe.

*

Homa ilianza mwezi uliofuata. Ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Mganga wa zahanati akatoa klorokwini, na hakuna wa kumlaumu, kila mtoto kijijini alikuwa na homa na kila homa ilikuwa malaria. Nyamizi akakonda. Kisha, homa zikiwa zimetulia kidogo, akabadilika.

Josefina akamtuma maji, akaenda. Akarudi, akatua ndoo, akakaa. Leodgar akauliza swali la dini, na Nyamizi hakunyoosha mkono. Mwalimu akatuma salamu kwamba mtoto sasa ametulia darasani. Majirani wakampongeza Josefina. "Si unaona? Wanakua," wakasema. Josefina mwenyewe, baada ya miaka yote ile ya kukimbizana, alishusha pumzi.

Telesphor peke yake ndiye aliyeingiwa na hofu. Siku moja alimwambia Nyamizi jambo la kijinga makusudi. Alimwambia achukue maji ya kwenye mtungi akayamwage kisimani. Alimwona akiinuka polepole, akishika kata, akielekea mlangoni.

"Nyamizi! Unakwenda wapi?"

"Umesema nikamwage kisimani."

"Na wewe unakubali?"

Mtoto alimtazama kwa macho mazito, kama mtu aliyeamshwa. "Si umesema, baba."

Telesphor alimnyang'anya kata. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, mahali bibi Tereza alipokuwa anachambua karanga. Bibi ndiye aliyeanza kusema. Kwa muda alikuwa anamtazama mjukuu wake huyu, ambaye alimwita mke mwenzangu kama mabibi wanavyowaita wajukuu, akisinzia mchana na kijiko mdomoni.

"Mwanangu, mimi nilikuwa msichana mkubwa Mwingereza alipotukusanya kututoa msituni," alisema. "Alitukusanya kwa sababu ya malale ya mbung'o. Dada yangu alianza hivi hivi. Alianza kuwa mwema."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi atasema nani?"

Telesphor alipomweleza Josefina, mkewe hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alipoumwa huko msituni, ulikuwa wapi?" Telesphor akasema alikuwa pale. "Na siku ya kwanza alipofika, kwa nini hukumrudisha?" Josefina akaingia ndani kufungasha nguo za mtoto.

*

Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, ng'ambo ya mji wa Mpanda. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na lori la pamba lililozoea kuchukua watu lilikuwa limekwama mahali fulani. Telesphor aliazima baiskeli. Alimketisha Nyamizi nyuma, akamfunga kwa kanga mgongoni pake asianguke akisinzia, na Josefina akabaki na bibi ambaye miguu ilikuwa haimwezi tena. Kwenye tope alishuka akasukuma. Njia nzima alizungumza. Alimchokoza, akakosea majina ya miti makusudi, akaita mninga mtundu na mtundu msasa, akingoja asahihishwe. Kichwa cha mtoto kiligongagonga mgongo wake na hakuna aliyemsahihisha.

Karibu na Kakese walipumzika kwa Msukuma mmoja jina lake Mabula, aliyekuwa ameingia nchi ile na ng'ombe kutoka kaskazini. Alimpa mtoto maziwa kwenye kibuyu, akamshikia mwenyewe maana mikono ya Nyamizi ilikuwa inatetemeka. Akaonyesha zizi. Lilikuwa kubwa, na ng'ombe waliokuwemo walikuwa wachache, mbavu nje.

"Mdudu ni huyo huyo," Mabula akasema. "Wangu nao walianza kwa kuinamisha kichwa."

"Kuna waliopona?" Telesphor akauliza.

"Nenda, baba," Mabula akasema. "Usichelewe njiani."

Hospitalini walipokewa na Sista Bernadetha, mtawa mwembamba, mtu wa Sumbawanga, ambaye alisema "Tumsifu Yesu Kristo" na kabla hajajibiwa alikuwa ameshamshika Nyamizi shingo akipapasa tezi. Walitoa damu. Kisha wakamkunja mtoto ubavu kama mtu anayelala kwenye baridi, wakachoma sindano katika uti wa mgongo, wakatoa maji. Nyamizi wa zamani angewauma vidole. Huyu alilala walivyomlaza.

Sista alimwita Telesphor uwanjani penye kamba za kuanika mashuka.

"Wadudu wameshapanda kichwani," akasema. "Mngekuja mwezi wa saba, kuna sindano nyepesi. Sasa imebaki moja tu, nayo ni kali. Ina sumu ndani yake. Inaua wadudu, na mara nyingine inamuua na mgonjwa. Sikufichi."

"Tusipomchoma?"

"Atalala, Telesphor. Atalala mpaka mwisho."

"Basi hapo mimi nachagua nini, Sista?"

"Hakuna," Sista Bernadetha akasema. "Lakini lazima ukubali wewe mzazi."

Akakubali. Alikuwa amekubali mambo mengi katika maisha yake, na hili halikuwa na tofauti, isipokuwa safari hii aliombwa.

Sindano ile iliunguza mshipa. Ilipoingia, Nyamizi alifumbua macho, machozi yakamtiririka bila sauti. Siku zilizofuata Telesphor alilala chini ya kitanda chake juu ya gunia, akamwosha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamgeuza asipate vidonda. Wanawake wenye wagonjwa wodini walimwonea huruma kwa kuwa mwanamume anafua nepi. Yeye hakuona. Alikuwa anasikiliza pumzi.

Asubuhi moja alimpelekea kijiko mdomoni, na mdomo ukafunga.

"Kula, mwanangu."

Mdomo ukabaki umefungwa. Kisha mkono ukatoka chini ya blanketi, bado unatetemeka, ukasukuma bakuli. Uji ukamwagika juu ya shati la Telesphor, juu ya mashuka, juu ya sakafu iliyokuwa imedekiwa punde.

"Uji gani huu," Nyamizi akasema. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Wameupikia kwenye ndoo ya deki. Kunywa wewe."

Telesphor alitoka mbio. Alimkuta Sista Bernadetha kwenye ukumbi, akamshika mkono, jambo ambalo mwanamume hamfanyii mtawa.

"Sista! Amenitukana! Amemwaga uji, na amewatukana na nyie wote!"

Sista alicheka. Alikuja, akamulika macho ya mtoto, akamuuliza jina. "Unalijua," Nyamizi akajibu, "umeliandika hapo." Telesphor alideki sakafu mwenyewe huku anaimba. Siku ile Nyamizi aliuliza habari za mama yake, akauliza kwa nini bibi hakuja, akakataa kulala mchana kwa kuwa, alisema, amelala ya kutosha. Alimtaka baba yake amkatie kucha. Akamwambia anazikata vibaya. Telesphor alimwomba dereva wa gari la misheni, aliyekuwa anaelekea upande wa Kasekese, apeleke habari kwa Josefina kwamba mtoto anaongea.

Sista peke yake ndiye ambaye hakusema sana. Alisema, "Tusubiri wiki ipite. Dawa hii huwa inarudi nyuma, inamgeukia mgonjwa."

Ilirudi kesho yake saa ya chakula cha mchana. Nyamizi alilalamika kichwa. Akasema mwanga unamuumiza, na Telesphor akasimama dirishani kuuziba kwa mwili wake. Aliposikia kitanda kinagonga ukuta aligeuka. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho juu, mapovu mdomoni. Wakaja mbio, wakachoma sindano, wakamshikilia. Kifafa kikapita, kikaja kingine. Wakamtoa Telesphor nje, akakaa chini ya kamba za mashuka, mikono imelala mapajani viganja juu, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Sista alipotoka hakuhitaji kusema. Alikaa naye pale chini na joho lake jeupe.

*

Jua lilikuwa kali na gari halikuwepo. Haikuwezekana kumsafirisha. Alizikwa kwenye makaburi ya misheni siku ile ile, padre akasoma, na wanawake wa wodini waliokuwa wanamhurumia Telesphor kwa kufua nepi ndio waliolia kwa niaba ya Josefina. Telesphor alitupa udongo wake. Kisha akafunga kanga tupu kwenye usukani, akaondoka.

Alisukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia hata palipokuwa pakavu. Hakupita kwa Mabula.

Habari ya dereva ilikuwa imetangulia, ile habari njema. Josefina alikuwa amefagia uwanja na kuchinja jogoo. Watu wa nyumba za mwanzo wa mstari walimwona Telesphor na kiti cha nyuma kisicho na mtu, wakaacha walichokuwa wanafanya, na kilio kikaanza huko, kikaja kinapokezwa nyumba kwa nyumba kumzidi mwendo, hata alipofika kwake Josefina alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Umemwacha na nani?" akauliza.

"Peke yake," Telesphor akasema.

Josefina aliteremka chini polepole mpaka akawa amekaa kizingitini. Bibi Tereza ndani alikuwa anaita, "Nani kaja? Mke mwenzangu kaja?" na hakuna aliyeweza kwenda kumjibu.

Wakakaa matanga. Leodgar akaongoza rozari, na alipofika kumtaja marehemu alitafuta lile jina la ubatizo, akakwama, akasema Nyamizi. Alasiri, wanaume wakiwa wamekaa kwenye magunia nje na wanawake ndani, mzee mmoja akamwomba Telesphor awaeleze watu ilivyokuwa, kama desturi ilivyo, msiba usimuliwe mwanzo hadi mwisho. Telesphor akasimulia. Alisimulia kuhusu tope na Mabula na sindano ya mgongoni, sauti yake ikiwa moja tu. Alipofika kwenye uji, bila yeye kujua, sauti ikabadilika. Mkono wake ukasukuma bakuli lisilokuwepo. "Wameupikia kwenye ndoo ya deki," akasema kwa sauti ya binti yake, "kunywa wewe." Mtu mmoja kati ya waombolezaji akacheka kabla hajajizuia, kisha mwingine, na mwenyekiti wa kijiji naye akafunika uso kwa kofia.

Josefina akatokea mlangoni, kanga kichwani, macho yamevimba.

"Kweli alisema hivyo?"

"Kweli. Shati langu hili hapa, doa halijatoka."

"Akaniulizia na mimi?"

"Wewe kwanza, kabla ya wote. Akaniambia sijui kukata kucha."

Josefina akasogea, akakaa chini katikati ya wanaume bila mtu kumzuia, magoti yake yakigusana na ya mumewe. Tangu Telesphor aondoke na mtoto hakuwa amemsogelea hivyo, na baada ya siku ile hakumsogelea tena kwa muda mrefu sana.

"Kisha?" akauliza. "Kisha akasema nini?"

Telesphor akafungua kinywa. Akawatazama watu mmoja mmoja, akasema kichwa kilimuuma, akasema mwanga, akasema alisimama dirishani. Akarudia kwamba alisimama dirishani. Mzee aliyemwomba asimulie akamshika bega, akamwambia inatosha, baba, inatosha.